Kilima Kilichopandwa kwa Penseli

Asubuhi ya mwisho ya kawaida ilikuwa Jumanne, mwezi wa pili. Keziah aliamka kabla ya mumewe kama siku zote. Akachochea moto, akabandika uji wa oti, akasogeza pazia la dirisha la jikoni na kukisoma kipimajoto kilichopigiliwa kwa nje. Akafumba macho, akayafumbua, akakisoma tena.

"Thelathini na tatu," alisema. "Ikishuka moja tu, maji yanaganda. Usitoke na hiyo miguu yako."

"Nitoke niende wapi? Nani ananitaka?"

"Nakutaka mimi. Kaa ule."

Jabez Tew akakaa. Alikuwa na miaka sabini na mmoja, mkewe sitini na sita. Walikuwa wameishi katika nyumba ile ya matofali, mtaa wa mafundi saa mjini Coventry, tangu walipooana. Mezani palikuwa na viti viwili. Mungu hakuwapa mtoto, na wageni walikuwa wameacha kuja zamani.

Kulikuwa na neno moja ambalo Jabez hakuwahi kumwambia mkewe. Alikuwa nalo kwa miaka thelathini na minane, na mwezi wa pili ulipofika lilimkaba zaidi, kwa kuwa lilizaliwa katika baridi kama ile. Asubuhi hiyo lilimfika mpaka kwenye meno.

"Keziah."

"Ee?"

Jabez akakitazama kikombe chake.

"Chai imepoa."

"Chai haijapoa. Umepoa wewe, mzee wangu." Akammiminia nyingine.

Saa tano kasorobo Keziah alitoka uani kuchota makaa bandani. Jabez akasikia ndoo ikianguka. Alipofika mlangoni alimkuta mkewe ameketi kwenye theluji, makaa yamemzunguka, mkono wa kushoto umelala pajani kama si wake. Kwa mkono wa kulia alikuwa akiokota makaa, moja moja.

"Nimemwaga," alisema. Mdomo ulikuwa umevutwa upande. "Nimemwaga, Jabez."

Daktari alikuja saa saba. Alisema ni damu kichwani. Alisema siku mbili, labda tatu. Hakukaa kunywa chai.

Basi Jabez akabaki na siku mbili, labda tatu, za kusema neno ambalo miaka thelathini na minane haikumtosha kulisema.

*

Keziah alizaliwa chini ya karakana. Mtaa wote ule ndivyo ulivyojengwa: familia chini, na juu dirisha refu la kuvuta mwanga, benchi, na mafundi saa walioinama tangu kupambazuka. Baba yake alichora nyuso za saa. Akiwa na miaka tisa Keziah aliweza kuchora vistari sitini vya dakika kwa brashi yenye unywele mmoja, mkono usitikisike. Akiwa na kumi na miwili alikuwa akizitoa nyuso zile kwenye tanuru dogo la kuchomea rangi, na viganja vyake vikawa vigumu kama ngozi ya kiatu.

Baba yake alimpiga mara moja tu katika maisha yake. Alikuwa ameandika kitabuni kwamba saa fulani inachelewa sekunde nne, naye hakuwa ameitazama siku hiyo. Jana yake ilichelewa nne, juzi nne, akaona na leo itakuwa hivyohivyo. Kumbe kweli ilikuwa nne. Alipigwa vilevile.

"Namba inasomwa mara mbili," baba yake alimwambia. "Mara ya kwanza ni ya tajiri, mara ya pili ni yako mwenyewe. Na namba usiyoiona usiiandike, hata kama ni ya kweli."

Kisha saa za bei rahisi zikaja kutoka ng'ambo, na mtaa ukafa benchi moja baada ya jingine. Wanaume wakahamia kwenye baiskeli, kutoka baiskeli wakahamia kwenye magari. Jabez alikuwa mmoja wao. Alimwoa Keziah akiwa fundi wa magurudumu, na mwaka waliotimiza miaka mitano ya ndoa akapewa kazi ya kujaribu magari barabarani.

Watu waliwaonea wivu wajaribu magari. Hawakujua. Gari jipya lilitoka kiwandani likiwa uchi: chasisi, injini, magurudumu manne na usukani. Kiti kilikuwa sanduku la mbao lililofungwa kwa kamba, na nyuma mifuko ya mchanga badala ya abiria. Hakuna kioo, hakuna paa, hakuna mlango. Mvua ikinyesha inakunyeshea. Wanakwenda maili ishirini mpaka kilima cha Ravensbank, wanakipanda, wanarudi.

Kilima ndicho kilichokuwa kazi yenyewe. Injini mpya huimba vizuri kwenye tambarare, hata iliyo mgonjwa. Ukitaka kuijua, ipandishe kilima kirefu na mzigo mgongoni, halafu pima joto la oili yake. Ikifika kileleni na digrii mia na sabini, mia na themanini, ni nzima. Ikipita mia mbili, kuna mahali chuma kinasugua chuma. Kwenye mia mbili na ishirini unazima, unatafuta farasi wa kulivuta mpaka nyumbani.

Zamani walipima kwa kiganja. Gari likifika kileleni, unabandika kiganja chini ya sampo, ile beseni ya chuma inayoshika oili, na kuhesabu. Ukifika nne, oili iko sawa. Tano ni majivuno. Ukitoa mkono kwenye moja, mwite fundi. Baadaye kikaja kipimajoto, kioo kirefu ndani ya ala ya shaba, kinachochomekwa kwenye tundu la ubavu wa sampo. Huwezi kukisoma gari likienda. Mnasimama kileleni, msomaji anashuka, anapiga magoti kwenye tope, anakichomoa na kukisoma upesi kabla zebaki haijateremka. Halafu anajaza kadi: jina la dereva juu, namba katikati, jina la msomaji chini.

Vita na Wajerumani vilipochukua vijana, kiwanda kilianza kutengeneza magari ya kubebea majeruhi, na wasomaji wakaisha. Fomeni, Bwana Mallabone, alimwita Jabez.

"Tew, mkeo si mtoto wa mchora saa?"

"Ndiye."

"Anaweza kukaa juu ya sanduku?"

"Kukaa anaweza. Kunyamaza ndiyo sijui."

Hivyo Keziah akaingia kazini, amevaa koti la marehemu baba yake na mikanda ya ngozi ya kufungia sketi miguuni. Alikuja na mwenzake wa benchi la zamani, Olive Startin, msichana wa miaka kumi na tisa aliyejifunza udereva kwenye gari la mikate. Olive alipewa kazi ya kupeleka magari yaliyokwisha kujengwa mpaka bandarini. Nyumba yao ilikuwa ya nne kutoka kwa akina Tew, na mama yake alikuwa amemnyonyesha Keziah wiki mbili mama yake Keziah alipokuwa na homa.

Wajaribu walimcheka Keziah siku ya kwanza. Walimpa jina: Bibi Digrii. Mmoja akamwambia, "Bibi Digrii, achana na kioo hicho. Njoo upime kama wanaume."

Gari lilikuwa limetoka kukimbizwa, linafuka moshi. Wakabandika viganja mmoja mmoja. Tatu. Nne. Tatu. Jabez akafika tano na kutoa mkono akiutikisa kama kuku aliyelowa.

Keziah akachuchumaa, akabandika kiganja chake cha tanuru. "Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita."

"Unahesabu mbio!"

"Hesabu wewe basi."

"Huyu si mkono, ni koleo," alisema Olive, naye akacheka mpaka akashika kiuno. "Shemeji Jabez, pole. Huyu akikuzaba kibao utaota mwaka mzima."

"Kwani unadhani hajanizaba?"

Hizo zilikuwa siku za kucheka. Zilikuwa chache.

*

Wajaribu walikuwa na desturi moja isiyotajwa mbele ya fomeni. Chini ya kilima cha Ravensbank kulikuwa na baa, jina lake Jembe. Siku za mvua kali au theluji, wajaribu waliingia hapo, wakaota moto nusu saa, wakaandika kadi mezani: mia na sabini na nne, mia na sabini na sita, namba ambayo magari yote huileta. Kisha wakarudi mjini. Waliita kupanda kwa penseli. Jabez mwenyewe alikwishapanda kwa penseli mara nyingi kabla mkewe hajawa msomaji wake, na hakuna gari lililowahi kuwaumbua.

Mwezi wa kumi na moja mvua iliwakuta Jembe. Jabez akasema, "Andika mia na sabini na tano, twende zetu."

"Umeiona wapi?"

"Nimeiona wiki nzima."

"Basi wiki nzima imekwisha andikwa. Ya leo bado iko huko juu."

"Keziah, mvua hii!"

"Naiona. Nayo nimeisoma mara mbili."

Jabez akatukana kimoyomoyo, akazungusha hendeli ya kuwashia injini, wakapanda. Ilikuwa mia na sabini na tano kamili. Keziah akaandika, wala hakumsuta. Hilo ndilo lililomuuma Jabez zaidi.

Mwezi wa pili, mwaka wa elfu moja mia tisa kumi na saba, baridi iliingia ambayo wazee hawakuikumbuka. Keziah alikuwa na kikohozi tangu Krismasi. Vidole vyake vya miguu vilikuwa vimevimba kwa baridi na kupasuka; jioni akivua soksi zilitoka na damu, na asubuhi alizivaa zilezile zikiwa zimekaushwa kwenye moto. Hakuomba ruhusa. Alisema ukiomba ruhusa leo, kesho wanasema wanawake hawawezi.

Siku hiyo walikuwa na chasisi ya gari la majeruhi. Walipofika Jembe theluji ilikuwa inaanguka mfululizo. Keziah akashuka kwenye sanduku na miguu ikamkataa, akashika ukuta.

"Ingia ndani," Jabez alisema. "Kunywa supu. Nitapanda peke yangu."

"Nani atasoma?"

"Mimi sina macho?"

"Unayo. Huna subira."

"Nitasoma mara mbili. Haya, ingia, kabla sijakubeba watu wakatucheka."

Keziah akamtazama, kisha akakitazama kilima, kilichokuwa kimeishia katikati ya weupe kana kwamba hakina kilele. Akaingia ndani.

Jabez aliliendesha gari mpaka nyuma ya kona ya kwanza, mahali pasipoonekana kutoka dirishani. Akazima. Barabara mbele yake ilikuwa nyeupe, haina alama hata ya gurudumu moja. Alijiambia kwamba gari likiteleza atakufa peke yake huko. Alijiambia pia kwamba akichelewa mkewe atatoka kumfuata. Yote mawili yalikuwa kweli. Akawasha kiko, akaingia chini ya ukingo wa kichaka, akasubiri nusu saa. Injini ilipoa taratibu, ikitoa vile vilio vidogo vya chuma kinaposinyaa, mpaka ikanyamaza. Kisha akazungusha hendeli, akateremka mpaka Jembe.

Keziah alikuwa akimsubiri mlangoni, penseli mkononi. Jabez akaingia ndani kidogo kuota viganja na kulipa supu. Alipotoka, mkewe alikuwa upande wa pili wa gari, ameinama, anafunga kamba za kiatu.

"Mia na sabini na nne," Jabez alisema.

Keziah akainuka pole pole.

"Umesoma mara mbili?"

"Mara mbili."

Alimtazama mumewe kwa muda. Theluji ilikuwa ikimwangukia kwenye nyusi, hakuipangusa. Kisha akaiweka kadi juu ya goti, akaandika namba, na chini yake akaandika jina lake. Wakarudi mjini bila kuongea. Jabez alidhani ni kikohozi.

*

Siku kumi na moja baadaye gari lile, likiwa limekwisha kujengewa paa na kupakwa msalaba mwekundu, lilitoka katika msafara wa magari manne kwenda bandarini. Lilikuwa la tatu, na Olive Startin ndiye aliyeliendesha. Katikati ya kilima kirefu cha huko kusini oili ilichemka, bearingi zikayeyuka, injini ikakamatana na kufunga magurudumu ya nyuma. Gari likaanza kurudi kinyumenyume kwenye barafu, likavunja ukuta wa mawe, likapinduka. Waliomtoa Olive, amekwisha kufa, walisema hakuumia usoni hata kidogo. Mama yake aliambiwa hilo kama zawadi.

Walipofungua injini walikuta bomba la oili limezibwa nusu na mchanga wa kalibu ulioachwa humo na wamwaga chuma. Bwana Mallabone akaileta kadi, akaiweka mezani ofisini kwake. Jabez na Keziah walikuwa wamesimama.

"Gari lenye bomba hili halifiki nusu ya Ravensbank bila kupita mia mbili," alisema. "Hapa naona mia na sabini na nne. Imetoka wapi?"

Jabez alikuwa na beji ndogo ya shaba kwenye ukosi wa koti. Ilimaanisha kazi yake inahitajika nyumbani, asipelekwe vitani. Beji ile ikitolewa, wiki tatu baadaye ungekuwa kwenye mahandaki. Kaka yake alikuwa amekwenda huko na hakuna kilichorudi ila mkanda wa saa. Jabez aliitazama kadi.

"Mwandiko ni wangu," alisema Keziah.

"Uliisoma kwa macho yako?"

"Mwandiko ni wangu, Bwana Mallabone."

"Sikuulizi mwandiko, Bi Tew. Nakuuliza kama ulikiona kipimajoto."

"Jina hapo chini ni la nani?"

"Lako."

"Basi."

Mallabone akamgeukia Jabez. "Na wewe, Tew? Una la kusema?"

Jabez alikuwa na kofia mikononi. Aliizungusha. Akaizungusha tena.

"Hapana, bwana."

Keziah alifukuzwa siku hiyohiyo. Jabez alibaki na beji yake.

Habari zilifika mtaani kabla yao. Bi Startin, mama yake Olive, hakupiga kelele. Alikuwa mwanamke wa kanisani. Ila tangu siku hiyo, kila asubuhi alipokuwa akisugua kizingiti chake, alimsubiri Keziah apite, kisha akamwaga ndoo ya maji machafu barabarani, mbele ya miguu yake. Si juu yake, mbele yake. Keziah aliyavuka. Hakubadili upande wa barabara, hakupitia kichochoro cha nyuma. Jabez ndiye aliyepitia kichochoro cha nyuma. Jambo hilo liliendelea miaka kumi na mmoja, mpaka Bi Startin alipokufa, na hata siku ya mazishi Keziah alisimama nje ya uzio wa kanisa, mvuani, mpaka mwisho.

Hakupata tena kazi ya namba. Alifua nguo za watu. Viganja vyake vikazidi kuwa vigumu.

Jabez alisubiri mkewe amuulize. Alikuwa na jibu tayari kwa kila namna ya swali. Lakini Keziah hakuuliza, si mwaka ule wala uliofuata. Jabez akafikia kuamini hivi: mke wangu ananiamini. Anadhani nilipanda, nikasoma vibaya, na kwa sababu aliketi kwenye moto kazi ikiwa yake, ameona heri abebe yeye. Imani hiyo ilimtafuna. Kama mkewe angemshuku, Jabez angeweza kukasirika naye. Mtu hawezi kumkasirikia anayemwamini.

Yeye mwenyewe aliendelea kujaribu magari miaka mingine ishirini na mmoja. Hakupanda tena kwa penseli. Alipanda Ravensbank kwenye barafu, kwenye ukungu, siku moja akiwa na mbavu mbili zilizovunjika. Wenzake walisema Tew amerukwa na akili. Magari yalipoanza kuwekewa saa ya joto la oili mbele ya dereva, vile vipimajoto vya shaba vikatupwa, naye akakiweka kimoja mfukoni, akakipeleka nyumbani. Hakujua kwa nini. Labda alitaka kichokoze swali lile.

Keziah alikigeuza mkononi. "Tupa ala," alisema. "Kioo nipigilie dirishani."

Na tangu siku hiyo, kila asubuhi, alikisoma mara mbili na kumwambia mumewe namba. Mabomu ya vita vya pili yalipong'oa paa la nyumba, kioo kile hakikupasuka. Kilianzia thelathini, baridi ikizidi hapo zebaki ilijificha yote chini, na Keziah alisema, "Leo imelala." Kila asubuhi namba ile iliingia masikioni mwa Jabez, naye akasikia: Umesoma mara mbili? Akanywa chai.

*

Jumatano Keziah alilala kutwa. Alhamisi saa nane mchana alifumbua macho. Jirani aliyekuja kusaidia kumgeuza alikuwa ameondoka. Mwanga wa theluji ulikuwa umejaa chumba.

"Ngapi?" aliuliza.

Jabez hakuelewa kwanza. Kisha akateremka jikoni, akatazama dirishani, akapanda ngazi tena akihema.

"Thelathini na moja."

"Mara mbili?"

Alisimama mlangoni. Alikuwa na miaka sabini na mmoja na magoti mabovu, na alikuwa amesoma mara moja. Akateremka tena. Akakitazama kipimajoto. Akafumba macho, akayafumbua, akakitazama tena. Akapanda.

"Thelathini," alisema. "Nilikosea."

Keziah akaitikia kwa kichwa kidogo, kama mtu aliyeletewa kitu alichoagiza.

Hapo Jabez akavuta kile kiti kimoja kilichokuwa chumbani, akaketi, akaushika mkono wa kulia wa mkewe, ule uliokuwa bado hai.

"Keziah, sikupanda."

Keziah akageuza macho kwake.

"Siku ile, ya gari la Olive. Nilifika kona ya kwanza. Nikazima. Nikavuta kiko. Theluji haikuwa na alama hata moja mbele yangu, nikaogopa, na wewe ulikuwa unatoka damu miguuni, nikasema sasa yote ya nini. Ile namba niliitoa kichwani. Nikakwambia nimesoma mara mbili. Halafu ofisini kwa Mallabone nikasimama na kofia." Akasogeza kiti karibu. "Ndoo zile za maji zilikuwa zangu, Keziah. Miaka kumi na mmoja. Zote zilikuwa zangu."

Nje mtu alikuwa akikwangua barafu kizingitini kwa sepetu. Jabez aliisikia sepetu ikienda na kurudi. Alimsubiri mkewe autoe mkono wake. Alikuwa amesubiri hilo maisha yake yote.

Keziah hakuutoa. Aliugeuza tu, polepole, mpaka kiganja kikatazama juu, kile kiganja kigumu cha tanuru na cha kufulia. Akakitazama kama anayesoma kitu kilichoandikwa humo. Akakisoma mara ya pili.

"Sikuwa nafunga kiatu," alisema.

Jabez akainama karibu na mdomo wake uliovutwa upande. Maneno yalikuja polepole, lakini kila moja lilitoka zima, na hayo ndiyo yalikuwa ya mwisho aliyosema kabla ya kufa Ijumaa asubuhi:

"Niliona baridi sana, Jabez, sikutaka kupanda. Nilibandika kiganja kwenye sampo. Nilihesabu mpaka ishirini, ndipo nikaandika."